Ununue nini kabla marejeo ya tasnifu hayajapotea

Laptopu yangu ya zamani nilimwachia mdogo wangu. Kabla ya kumkabidhi nilifungua programu ya marejeo (zile kama Zotero, Mendeley au EndNote, zinazotunza orodha ya vitabu na makala unazonukuu), nikafuta kila kilichokuwamo, nikamwaga na pipa la taka, nikijua kazi yangu yote imo kwenye laptopu mpya. Usiku, nyumbani Tudor, Mombasa, nikawasha ile mpya. Ikashika waifai, na mbele ya macho yangu orodha ikaanza kupungua. Nilipozima intaneti, sura nzima ya tatu ilikuwa imeshakwenda.

Programu haikukosea. Kusawazisha kazi yake ni kuhakikisha kompyuta zote zinafanana. Ukifuta huku, na kule kunafutwa, iwe umekusudia au umekosea. Kilichoniokoa ni flashi yenye nakala ya wiki sita nyuma, pamoja na rasimu ya tasnifu yenyewe. Tangu siku hiyo wenzangu wa uzamili wananiuliza wanunue nini, na jibu langu huanza na kigezo kimoja: kitu unachonunua kiweze kukurudishia hali ya jana hata kama leo umeharibu. Ukubwa wa terabaiti na rangi ya kasha si hoja.

Kabla hujatoa shilingi

Ikiwa marejeo yamekwisha kupotea, usikimbilie duka la kompyuta. Zima intaneti kwanza, kisha uondoe alama kwenye mpangilio unaoiacha programu ijisawazishe yenyewe. Baada ya hapo nakili folda nzima ya programu uiweke pembeni, hata kama imeharibika, ili ukikosea unapojaribu kuokoa uwe na pa kurudia.

Kisha tazama mambo madogo. Mara nyingi marejeo yapo ila yamefichwa na neno lililobaki kwenye kisanduku cha kutafutia, au lebo iliyobofywa bila kujua, au umesimama kwenye maktaba ya kikundi badala ya yako. Fungua pipa la taka: kwenye Zotero vilivyofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa, usipobadilisha mpangilio. Ingia pia kwenye akaunti yako kwa kivinjari uone mtandaoni kumebaki nini. Kama una kompyuta ya pili ambayo haijawashwa tangu tatizo litokee, hiyo ni dhahabu. Iwashe bila intaneti.

Wanaotumia Zotero wana faili moja ambayo wengi hawaijui. Ndani ya folda ya data, karibu na zotero.sqlite, kuna zotero.sqlite.bak, nakala ambayo programu hujitengenezea yenyewe mara kwa mara. Funga programu, weka kando ile ya kwanza, kisha ipe hii ya pili jina la zotero.sqlite. Ukifungua ukakuta marejeo yamerudi, usiwashe kusawazisha papo hapo. Mpangilio wa usawazishaji una sehemu ya kuweka upya, na humo ndimo unapoiamuru maktaba ya mtandaoni ifuate ya kompyuta. Ukiruka hatua hii, ufutaji ule ule utashuka tena kutoka mtandaoni.

Na rasimu yako ya Word? Kama nukuu uliziingiza kwa Zotero au Mendeley, na hukuzigeuza kuwa maandishi ya kawaida, taarifa za kila rejeo zimo ndani ya hati hiyo. Kuna zana ya bure iitwayo Reference Extractor inayozitoa. Mimi nilirudishiwa marejeo ya wiki sita zilizokosekana kwenye flashi kwa njia hiyo, isipokuwa yale niliyosoma bila kuyanukuu.

Nafasi ya kwanza: SSD ndogo ya nje

Kwa anayeishi pwani na kuhama na mfuko kutwa, hii, hifadhi inayoweka data kwenye chipu, ndiyo ninayoiweka juu. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo tuktuk ikiruka shimo haikutii hofu. Ni nyepesi, na kunakili maktaba yenye maelfu ya PDF huchukua dakika chache, jambo kubwa pale unapojua stima inaweza kukatika wakati wowote. Maktaba ya mtafiti wa kawaida haijazi hata gigabaiti 50, basi usishawishike kulipia terabaiti mbili. Chukua ndogo iliyo bora.

Ina udhaifu mmoja wa kujua. Ikikaa muda mrefu mno bila umeme inaweza kupoteza data, hivyo usiifungie kabatini miaka. Ichomeke angalau kila baada ya miezi michache. Unyevu na chumvi ya hewa yetu hula vichwa vya kebo, kwa hiyo mimi huiweka kwenye mkebe wenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

Nafasi ya pili: nafasi ya mtandaoni, kwa nakala zilizofungwa

Hapa watu wengi hukosea, na kosa lenyewe huzaa ugonjwa wanaoukimbia. Usiiweke folda hai ya Zotero au maktaba ya EndNote ndani ya Google Drive, Dropbox au OneDrive ili ijisawazishe. Hifadhidata inayoandikwa huku huduma nyingine ikiinakili inaweza kuharibika, na watengenezaji wa programu hizi wenyewe wanaonya juu ya jambo hilo.

Njia salama ni hii: funga programu, bana folda nzima iwe faili moja ya zip, ipe jina lenye tarehe, kisha uipandishe. Kila wiki faili mpya, bila kuandika juu ya ile ya zamani. Google hutoa gigabaiti 15 bure, ingawa barua pepe na picha zako nazo zinakula humo humo, na wengi hawatahitaji kulipa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bando: kupandisha gigabaiti tano kwa data ya simu ni mzigo, na intaneti ikilala nawe umelala. Lakini nyumba ikiingia maji au mfuko ukiibwa pale Mwembe Tayari, hii ndiyo nakala itakayobaki.

Nafasi ya tatu: diski ngumu ya nje

Kwa bei ya kila gigabaiti haina mpinzani, na kama una video za mahojiano ya utafiti itakufaa kuliko SSD. Kwa marejeo peke yake ni kubwa kupita haja. Ndani yake mna sahani zinazozunguka. Ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, huenda ukawa mwisho wake. Inunue ikae nyumbani mahali pamoja, usiitembeze kwenye kivuko cha Likoni kila siku. Usiichomoe kabla ya kuiaga kompyuta kwa amri ya “Eject”, na stima ikiwa inacheza, ngoja itulie.

Nafasi ya nne: flashi

Iliniokoa, na bado naiweka ya nne. Ni ndogo, hupotea, huazimwa ikarudi na virusi. Kibaya zaidi ni zile za uwongo: zimeandikwa terabaiti moja au mbili kwa bei ya chakula cha mchana, kumbe ndani mna gigabaiti chache tu. Kompyuta itaonyesha ukubwa ulioandikwa, faili zitaonekana zimeingia, na siku ya kuzifungua hazifunguki. Mwuzaji akikuambia, “Chukua hii, dada, ni original,” mwombe risiti yenye maneno kwamba utairudisha ikishindwa kipimo. Kisha ipime nyumbani kabla ya kuiamini: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Zana hizi huijaza flashi yote na kuisoma tena. Bila risiti kama hiyo, endelea mbele. Digo Road na Moi Avenue hazikosi duka jingine.

Ukiamua flashi, nunua mbili, moja ikae kwa ndugu au rafiki.

Nafasi ya tano: hifadhi ya kulipia ya programu yenyewe

Najua wengi wangeiweka hii ya kwanza. Zotero hutoa megabaiti 300 bure kwa ajili ya PDF na viambatisho. Marejeo yenyewe hayahesabiwi. Gigabaiti 2 ni dola 20 kwa mwaka, karibu shilingi 2,600 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola. Gigabaiti 6 ni dola 60, na isiyo na kikomo ni dola 120. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Ni huduma nzuri. Unasoma PDF zako kwenye simu ukiwa ndani ya matatu ya Bamburi, na pesa zako zinasaidia programu huru iliyoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason. Ilipie kwa moyo mmoja. Lakini ilipie kwa ajili ya kusoma popote, kwa maana ukifuta kwa makosa, nayo itafuta kwa uaminifu.

Wa mwisho kabisa ni ushauri wa kununua leseni ya EndNote kwa hofu ya kupoteza marejeo. Ghali haimaanishi salama. Kama chuo chako kimekupa leseni, itumie, na ukumbuke kwamba faili ya .enl na folda yake ya .Data ni pacha. Ukinakili moja ukaacha nyingine, umebeba nusu. Ndani ya programu kuna amri ya kuzibana kuwa faili moja ya .enlx, na hiyo ndiyo ya kuweka akiba. Wa Mendeley mpya, ambayo maktaba yake hutegemea zaidi akaunti ya mtandaoni, watoe orodha yote kwa muundo wa RIS au BibTeX, faili ambazo programu nyingine za marejeo huweza kuzisoma, kila wiki. Mpangilio wa folda unaweza kupotea njiani, ila majina, miaka na vichwa vya makala vitabaki.

Kwa bajeti ndogo kabisa, ningenunua flashi mbili zilizopimwa na kutumia zile gigabaiti 15 za bure. Ukipata zaidi, nenda kwa SSD. Vyovyote utakavyochagua, azima kompyuta ya mwenzako jioni moja, ifungue nakala yako humo bila intaneti, uhesabu marejeo. Mimi hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na mara ya mwisho nilikuta PDF 40 hazimo kwa sababu nilikuwa nikinakili faili ya zotero.sqlite tu na kuiacha folda ya storage, ambamo Zotero huweka PDF.