TAHADHARI: Unauza nyumba mwenyewe Malindi? Hati halisi usiitoe mkononi

Asalaam aleikum jamani, na hamjambo nyote. Kuna watu wanazunguka hapa Malindi wakitafuta wenye nyumba wanaouza wenyewe bila dalali. Hawana nia ya kununua. Wanataka vitu viwili: pesa zako kidogo kidogo, kisha hati yako ya nyumba. Mimi wamenipata kwa vyote viwili. Nilikuwa nimeamua kunyamaza kwa aibu, lakini juzi nikipita njia ya Casuarina nimeona kibao kipya, "Nyumba inauzwa, piga kwa mwenyewe", na nambari ya simu chini yake. Roho ikaniruka. Nikasema leo lazima niandike.

Nyumba yetu iko Maweni, vyumba vitatu, paa la vigae, na mwembe uani. Mimi na mume wangu tuliijenga polepole kwa miaka 11, kila mfuko wa simiti naukumbuka. Sasa mama mkwe anaumwa Mombasa na tumeamua kuhamia huko tumuuguze. Madalali wawili walikuja. Mmoja alitaka asilimia 5, na sisi tunauza milioni 6.8, maana yake shilingi 340,000 zimwendee yeye. Mwingine hakutaka asilimia, alitaka cha juu: nimtajie bei yangu, yeye auze anavyojua, kinachozidi ni chake. Tukaona tuuze wenyewe. Sheria haimlazimishi mtu kutumia dalali, na hata leo sijutii kuuza mwenyewe. Ninachojutia nitakieleza.

Tuliweka kibao getini na picha mtandaoni. Siku ya nne ikaja simu. "Shangazi, shikamoo. Nimeona nyumba yako." Sauti ya adabu, Kiswahili safi. Akasema yeye ni afisa wa shirika fulani la Nairobi linalonunua nyumba za wafanyakazi wake huku Pwani. Bei hakuigusa. Hapo ndipo ningeshtuka. Sokoni kwetu fungu la mchicha la shilingi 20 mtu atakwambia "nipunguzie mama", huyu ananunua nyumba ya mamilioni na hasemi hata neno moja?

Alikuja na watu wawili, mwanamke mwenye faili na kijana wa kupima kuta kwa tepu. Nikawaandalia kahawa na mahamri. Alinivika kilemba cha ukoka: mwembe huu, upepo huu, shangazi umejenga kama mwanamume. Alipoinuka kuondoka akasema jambo limebaki dogo tu, shirika haliwezi kuidhinisha pesa bila ripoti ya thamani ya nyumba, na ripoti lazima itoke kwa mthamini wanayemkubali wao. Akanipa nambari. Mthamini akataja shilingi 38,500, "utarudishiwa pamoja na arubuni". Nikatuma kwa M-Pesa, kwa nambari ya mtu binafsi, siyo ya ofisi. Ripoti ikaja kesho yake, kurasa 9 zenye mihuri, ikasema nyumba yangu ina thamani ya milioni 7.1. Nilifurahi kiasi kwamba nilipofika mahali palipoandikwa paa langu ni la mabati, nilijiambia wamekosea kuchapa. Hakuna aliyekuja kuthamini chochote. Ripoti ile walikuwa nayo siku nyingi, wanabadilisha jina tu.

Baada ya hapo wakaanza kuomba karatasi. Nakala ya kitambulisho, nakala ya PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), picha nne za pasipoti. Nikatoa, kwa sababu kweli uhamisho wa ardhi unataka vitu hivyo. Kisha wakataka hati halisi, siku moja tu, eti wakili wao apekue rejista ya ardhi. Mume wangu alikuwa Mombasa. Nikasema ngoja nimwambie baba watoto. Akanijibu, "Hakuna haja ya kumsumbua mzee, shangazi, kesho itakuwa imerudi." Kijana wa tepu akaja na tuktuk karibu na magharibi, nikampa hati ndani ya bahasha ya kaki. Kesho yake alasiri ikarudi, bahasha ileile. Nikaifunga sandukuni bila kuifungua.

Wiki iliyofuata ikaja simu kwamba pesa ziko tayari, nilipe tu nusu ya kodi ya stempu, ile ya kuhamisha ardhi, shilingi 136,000. Sikuwa nazo. Nikaenda kwa wakili mmoja hapa mjini kuuliza kama naweza kulipa kwa awamu. Alinitazama kwa muda.

"Mama, kodi ya stempu hulipa mnunuzi. Hati yako iko wapi?"

"Nyumbani, sandukuni."

"Nenda uilete sasa hivi."

Hati yetu ilikuwa na alama. Miaka mingi ilikaa imebanwa na pini ya karatasi, na hewa yetu ya chumvi mnaijua, pini ilishika kutu ikaacha mstari wa hudhurungi kwenye kona ya juu. Kutu ile ilipenya hadi upande wa pili. Nilipoitoa mbele ya wakili mstari ulikuwepo, rangi ileile, mahali palepale, nikashusha pumzi. Yeye akaigeuza. Nyuma kona ilikuwa nyeupe. Nikapitisha kidole juu ya kutu, hakuna mkwaruzo wala bonde la pini. Kutu ilikuwa imechapishwa. Wiki nzima nilikuwa nimefungia nakala ya rangi kwa kufuli.

Kwa hiyo zile 38,500 hazikuwa lengo lao. Mtu mwenye hati yako halisi, kitambulisho chako, PIN yako na picha zako anaweza kumtafuta mwanamke wa umri wangu, amkalishe mbele ya mnunuzi asiyejua kitu, ajiite mimi, na wachukue arubuni ya nyumba yangu. Vipimo vya vyumba vyote pia wanavyo.

Siku ileile nilikwenda polisi nikaandikisha na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kutoka hapo tukaenda ofisi ya ardhi na wakili, tukaomba msajili aweke zuio kwenye rejista ili ardhi isihamishwe. Kama yamekukuta, anza na haya mawili kabla hujalia na kabla hujaanza kuwapigia simu wale watu kuwabembeleza. Mimi niliwapigia. Nilipoteza nusu siku, na nilipowaambia kwamba nimeona hati si yangu, simu zote tatu zikazimwa.

Sasa nieleze nilivyofundishwa, kwa maana wengi tunauza nyumba mara moja tu maishani na hatujui utaratibu.

Kupekua rejista hakuhitaji hati halisi. Mnunuzi anahitaji nambari ya kiwanja na nakala, basi. Anayetaka halisi "kwa ajili ya kupekua" ama hajui anachofanya au anajua sana. Mwonyeshe hati ukiwa umeketi nayo mbele ya wakili wako, aitazame, irudi kwako. Na wakili awe wako. Msikubali ule usemi wa "wakili wetu atatuhudumia wote tupunguze gharama". Kabla hujamlipa, jina lake litafute kwenye mtandao wa Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama ana leseni ya mwaka huu.

Gharama pia zina mwenyewe. Kodi ya stempu ni ya mnunuzi, asilimia 4 mijini na 2 mashambani, na thamani ya nyumba hukadiriwa na mthamini wa serikali. Mnunuzi akikopa benki, benki itatuma mthamini wake na mkopaji ndiye atakayelipa. Wewe muuzaji unaweza kudaiwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, zamani ilikuwa 5, na hiyo inaingia KRA, haipiti kwa simu ya mtu yeyote. Utamlipa wakili wako pia, na kusafisha madeni ya ardhi ya kaunti kama unayo. Lakini mnunuzi akikwambia utume pesa ili yeye akulipe, kata simu.

Makubaliano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yametiwa sahihi na kushuhudiwa. Kwa kawaida mnunuzi hutoa arubuni ya asilimia 10, ikae kwa wakili, na salio lilipwe ndani ya siku 90 hivi. Karatasi za uhamisho ulizotia sahihi na hati halisi hazitoki mpaka pesa ziwe zimeingia au wakili wa upande wa pili ameandika ahadi rasmi ya kulipa. Risiti ya benki iliyopigwa picha na kutumwa kwa simu siyo pesa. Nenda benki uulize.

Na ile ya "usimsumbue mzee" naomba akina mama wenzangu na akina baba muishike sana. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzako, sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema hivyo. Mnunuzi wa kweli, wakili wake mwenyewe ndiye atakayeuliza mume au mke yuko wapi aje atie sahihi. Anayetaka umfiche mwenzako anakutaka peke yako.

Wenye nyumba bila ardhi pia wasidhani wamesalimika. Huku Pwani ni kawaida nyumba kuwa ya huyu na ardhi ya yule. Jirani yangu ni hivyo. Watu walewale, au wa aina yao, walimjia wakasema watanunua ila kwanza alipe shilingi 60,000 "wamtengenezee hati". Yeye aliwaambia ardhi si yake, hati ataipataje, wakaondoka. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kuna pia wa "mzungu yuko Italia atalipa yote, kiwanja kiwe chake milele". Mji wetu una Waitaliano wengi na wapo wanaonunua kihalali, lakini Katiba ya 2010 inampa asiye raia upangaji wa ardhi usiozidi miaka 99. Anayewakilisha mzungu na hajui hilo, muulize anamwakilisha vipi.

Jina alilonipa yule bwana sitaliandika, kwa sababu naamini si lake na huenda liko kwa mtu asiye na hatia. Nambari zote, ujumbe wote na ile ripoti viko polisi. Kama umepigiwa na mtu anayesema ananunulia shirika nyumba za wafanyakazi, habishani bei, na ana mthamini wake, peleka ujumbe wako kituoni pia, hata kama hujalipa kitu. Tukiwa wengi faili haitakaa chini ya faili nyingine.

Sisi tunangoja hati mpya. Tumeapa kiapo kwa maandishi kwamba ile haiko mikononi mwetu, tangazo litatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya siku 60, pasipo pingamizi, msajili anaweza kutoa nyingine. Mama mkwe anaendelea kuuguzwa na mume wangu, mimi niko huku nalinda nyumba.

Kwa hiyo, ukiletewa nyumba ya Maweni yenye geti la buluu, paa la vigae na mwembe mmoja mkubwa uani, na anayeuza ana haraka, usitoe arubuni. Kibao nimekitoa. Kwa sasa haiuzwi na mtu yeyote, hata mimi.