Spea za Gari Kutoka Ng'ambo Hadi Kisumu: Njia za Kusafirisha, Kuanzia Inayofaa Zaidi

Bampa ya mbele ya Toyota Fielder si mzigo wa kutisha. Mtu mmoja huibeba begani kutoka Kibuye hadi Kondele bila kupumzika. Lakini itie kwenye sanduku la sentimita 170 kwa 50 kwa 40, uikabidhi kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege, na utaandikiwa bili ya kilo 68. Plastiki ya kilo nne au tano, bili ya kilo 68. Hapo ndipo wengi wetu huku magharibi tunapoumia: tunaona bei ya spea kwenye simu, tunafurahi kwamba ni nusu ya bei ya dukani, tunalipa, kisha nauli inakuja kuimeza ile nusu tuliyookoa na nyingine juu yake.

Ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, kwa hiyo wasafirishaji hutoza kile kilicho kikubwa kati ya uzito wa mizani na uzito wa ujazo. Uzito wa ujazo unaupata ukizidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha ukigawanya kwa 5000. Ndivyo wanavyopiga hesabu DHL, FedEx na UPS. Wanaoleta mizigo mikubwa ya ndege mara nyingi hugawanya kwa 6000, na tofauti hiyo ndogo ina pesa ndani yake. Bampa yetu ikigawanywa kwa 6000 inashuka hadi kilo 57.

Chukua sasa diski mbili za breki. Kwenye mizani ni kama kilo 12, na sanduku lake la sentimita 32 kwa 32 kwa 14 halifikishi hata kilo tatu za ujazo. Utalipa kilo 12 zako halisi basi. Taa ya mbele ni kinyume chake: ina kilo nne hivi, lakini sanduku la 60 kwa 45 kwa 35 linakuwa karibu kilo 19. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji yeyote wa ng'ambo, kabla hata ya kuuliza kama spea ni mpya, ni hili: sanduku likishafungwa lina vipimo gani na uzito gani? Asiyetaka kujibu, mwache. Hutaweza kujua gharama yako, na yeye hatakuwa analipa.

Hizi hapa njia zilizopo, nilivyozipanga kwa mtu anayeishi Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru na anayenunua kwa gari lake mwenyewe.

1. Ndege, kupitia wakusanya mizigo

Hizi ni kampuni zinazokupa anwani Dubai, Guangzhou, London au Marekani, zinapokea vifurushi vya watu wengi, zinavileta pamoja hadi Nairobi na kukutoza kwa kilo. Kwa spea nyingi hii ndiyo njia ninayoanza nayo: pedi za breki, diski, pampu ya maji, koili za plagi, alternata, bearing za magurudumu, vitu vizito vilivyo kwenye sanduku dogo. Kwa kawaida mzigo huchukua wiki moja hadi tatu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba wengi hutaja bei moja ya kilo ambayo ndani yake kuna nauli na ushuru. Uliza hilo waziwazi, na jibu liwe la maandishi: bei hii ni pamoja na ushuru wa forodha na VAT, au kuna kingine nitakacholipa Nairobi? Uliza pia wanagawanya kwa 5000 au kwa 6000, na kama kuna kiwango cha chini cha kilo. Ukiagiza kichujio kimoja cha mafuta cha gramu 300 kwa kampuni isiyopokea chini ya kilo tano, umenunua hewa ya kilo nne na kitu. Subiri ukusanye orodha ya sevisi nzima, au ungana na wenzako wa stendi wenye magari ya aina moja. Madereva wa Probox wanaweza hili kuliko mtu yeyote.

2. Meli, kupitia wakusanya mizigo

Mlango, boneti, bampa, viti, injini, giaboksi: vyote hivi ni vya meli. Hapa hesabu ni ya mita za ujazo. Bampa yetu ni 1.7 kwa 0.5 kwa 0.4, sawa na mita za ujazo 0.34. Tuseme msafirishaji anatoza shilingi 60,000 kwa mita moja ya ujazo. Nauli inakuwa 20,400. Tuseme yule wa ndege anatoza 1,500 kwa kilo. Bampa hiyohiyo, kwa zile kilo 57, inakuwa 85,500. Viwango hivi ni vya mfano tu, lakini uwiano ndio huo, na ndio unaopaswa kukuongoza.

Hata hivyo, niseme ukweli wangu kuhusu bampa moja peke yake: usiiagize. Nauli ya 20,400 kabla ya bei ya bampa yenyewe inatosha kukupeleka dukani Kisumu, Nakuru au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ukaichagua ya Ex-Japan, yaani iliyotumika kutoka Japani, kwa macho yako na kuipima kwenye gari siku hiyohiyo. Meli inaanza kulipa unapokuwa na vitu kadhaa, kwa mfano gari lililogongwa mbele linalohitaji bampa, boneti, taa mbili na radieta kwa pamoja. Vitu vidogo huwekwa ndani ya vile vikubwa na ujazo hauongezeki. Mwombe muuzaji afunge hivyo. Wengi hukubali wakiombwa, ila hawajitolei.

Injini iliyotumika lazima imwagwe mafuta na oili kabla ya kufungwa, la sivyo haipokelewi. Na uwe na subira ya mwezi mmoja na nusu hadi miezi miwili na zaidi, kwa sababu kontena la pamoja haliondoki hadi lijae.

3. Kampuni za vifurushi vya haraka

DHL na wenzao watakufikishia mzigo hadi Kisumu mjini kwa siku chache. Natumia njia hii kwa kitu kimoja tu: kifaa kidogo, cha bei, ambacho gari halitembei bila hicho. Sensa ya crankshaft, kompyuta ya injini, kisoma ufunguo. Sanduku la sentimita 20 kwa 15 kwa 10 ni gramu 600 za ujazo, na hapo hata bei yao kali inavumilika ukilinganisha na matatu iliyolala gereji wiki tatu bila kuleta shilingi.

Bei unayoiona wakati wa kulipia ni nauli peke yake. Mzigo ukifika Nairobi watakupigia kuhusu ushuru, na juu ya ushuru wataweka ada yao ya kukulipia mbele. Ziwekee pesa hizo pembeni siku unayoagiza.

4. Posta

Kwa kifurushi cha chini ya kilo mbili kisicho na haraka, posta bado ni nafuu: klipu za mlango, swichi ya kioo, raba za breki. Hata huku kuna uwezekano wa kuitwa ulipe ushuru. Chukua huduma yenye namba ya kufuatilia hata kama inaongeza gharama kidogo. Bila namba huna pa kuanzia kifurushi kikichelewa.

5. Kujiagizia na kujitolea mzigo mwenyewe

Utatafuta wakala wa forodha, utalipia hati, ukaguzi wa ubora unaodaiwa na KEBS (shirika la viwango la Kenya), utunzaji bandarini na usafiri. Ada nyingi kati ya hizi hazipungui kwa sababu mzigo wako ni mdogo. Ni njia ya mwenye duka la spea. Mwenye gari moja aipite.

Kuna pia jamaa wa Busia na Malaba wanaovuka hadi soko la Kisekka, Kampala. Kipuri cha Japani hakigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupitia Uganda, na forodha mpakani wana haki ya kukidai ushuru. Ukienda, rudi na risiti na ukitangaze.

Ushuru, kwa namba

Kwa mzigo wa meli, KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) huanza na thamani ya spea, bima na nauli kwa pamoja. Kwa hiyo nauli ikipanda, ushuru nao unapanda. Tuseme spea ni 30,000, nauli 8,000, bima 500. Jumla 38,500. Ushuru wa forodha hutegemea namba ya bidhaa kwenye jedwali la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo lina viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Tukichukua 25 ni shilingi 9,625. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya 38,500 pamoja na huo ushuru, hivyo 7,700. Ada ya IDF (fomu ya kutangaza bidhaa zinazoingia nchini) ya asilimia 2.5 ni 962.50, na tozo ya reli, ambayo ilipanda hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024, ni 770. Yote pamoja 19,057.50, karibu nusu ya thamani ya mzigo. Kama kipuri kingeangukia kwenye asilimia 10, jumla ingekuwa 12,358.50. Tofauti ya shilingi 6,700 inatokana na namba ya bidhaa tu, kwa hiyo mwulize wakala namba hiyo kabla hujalipa chochote.

Wauzaji wengine hujitolea kuandika bei ndogo kwenye karatasi ili "wakusaidie". Kataa. KRA wanaweza kuikataa bei hiyo na kukadiria yao, na ukipoteza mzigo, bima italipa kile kilichoandikwa.

Spea isiyofaa ndiyo nauli ghali kuliko zote

Niliwahi kuagiza taa ya mbele ya Honda Fit kutoka Marekani. Picha ilikuwa ileile, mwaka uleule, bei nzuri. Fundi wangu wa Kondele aliiangalia dakika moja, akanirudishia.

"Mwalimu, hii ni ya gari la usukani wa kushoto. Mwanga wake unapiga upande wa wanaokuja."

"Haiwezi kurekebishwa, fundi?"

"Unaweza kuishusha, lakini usiku barabara ya Busia utakuwa unawapofusha watu."

Kuirudisha kungegharimu zaidi ya taa yenyewe. Imebaki stoo. Tangu siku hiyo, taa, vioo vya pembeni, dashibodi na steering rack natafuta Japani au Uingereza, wanakoendesha upande wetu.

Magari mengi tuliyo nayo ni ya soko la Japani, na namba yake ya chasisi ni fupi: herufi na tarakimu kama NZE141, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Tovuti inayodai namba ya herufi na tarakimu 17 haijatengenezwa kwa gari lako. Tafuta yenye katalogi ya magari ya Japani, uandike namba ya chasisi, ikupe namba ya kipuri. Kwa taa, soma pia namba iliyochorwa kwenye kioo chake. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na taa mbili tofauti.

Mifuko ya hewa na mikanda yenye kilipuzi usijaribu kuiagiza kwa kifurushi cha kawaida cha ndege. Huhesabiwa mizigo ya hatari na itazuiwa njiani.

Kilomita za mwisho

"Kufika Kenya" kwa wasafirishaji wengi maana yake ni Nairobi. Kutoka hapo hadi Kisumu ni kilomita kama 350, na gharama hiyo ni yako. Ofisi za vifurushi za mabasi hulaza mzigo njiani na asubuhi unauchukua. Nakuru unashushwa mapema zaidi. Ni nafuu, lakini buti la basi lina magunia na mapipa. Taa na vioo viagize vifungwe kwenye fremu ya mbao tangu kule vinakotoka, na vipimo vya hiyo fremu uviingize kwenye hesabu ya ujazo.

Ukienda kuchukua, fungua sanduku palepale kaunta kabla ya kutia sahihi. Washa kamera ya simu kwanza, onyesha lebo, kisha kata utepe. Kama kuna ufa, mhudumu auandike kwenye stakabadhi mbele yako, na picha umtumie msafirishaji siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa kudai fidia ni siku chache na huanza kuhesabiwa mzigo unapopokelewa.