Uzoefu wangu na Hawk T.1 ya plastiki, skeli ya 1/72

Wakuu, nimemaliza kuunda modeli ya Hawk T.1, jeti ya mafunzo ya Uingereza, yenye rangi za Red Arrows (kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la huko), ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, na nimeona niiandikie vizuri, kwa sababu watu wengi wakianza hii hobi wanakimbilia ndege za kivita kama F-16 na MiG na Spitfire, jeti za mafunzo wanazipita tu, wakati mimi ndizo nazipenda kuliko zote. Kampuni siitaji maana ninayo ya kulalamika, ila ni moldi (kalibu ya kumwagia plastiki) ya kisasa, utaijua ukifungua boksi tu, mistari ya paneli, ile inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege, imechongwa kwenda ndani na ni myembamba. Zile moldi za zamani mistari imeinuka juu ya plastiki, ukipitisha msasa mara moja inafutika na kuichonga upya ni kazi ya kuumiza macho kabisa.

Hawk halisi iliruka mara ya kwanza Agosti 1974, Red Arrows wakaanza kufanya nayo maonyesho 1980 baada ya kuachana na Gnat, jeti yao ya awali. Bawa hadi bawa ni mita 9.39, kwa hiyo kwa 1/72 unapata kama sentimita 13 hivi, kitu cha kukaa kiganjani. Udogo huo usikudanganye ukadhani ni kazi ya jioni moja.

Sasa nianze na kokpiti, maana kwa ndege ya mafunzo kokpiti ndiyo kila kitu. Ndege ya kivita ya kiti kimoja unaweza kufunga kioo na mambo yakaisha, nani atachungulia, lakini hapa kuna viti viwili vimefuatana, mwanafunzi mbele mkufunzi nyuma, na kile cha nyuma kimeinuliwa ili mkufunzi aone mbele kwa kupitisha macho juu ya kichwa cha mwanafunzi, halafu juu yao kuna kioo kimoja kirefu ambacho kinaonyesha kila kitu ulichofanya na ulichoacha. Seti hii ile tofauti ya kimo kati ya viti imeipatia sawasawa, ukiitazama ubavuni unaona kabisa hii ni Hawk. Na kile kioo kidogo cha ndani kinachotenganisha mbele na nyuma kimo, seti nyingine huwa wanakiruka.

Viti vyenyewe ni Martin-Baker, umbo liko vizuri ila mikanda hakuna. Nimekata vipande vyembamba vya tepu ya karatasi nikavipaka rangi nikavilaza, inatosha kabisa kwa skeli hii. Usisahau mpini wa kufyatua kiti, ule wa mistari ya njano na nyeusi unaokaa katikati ya mapaja ya rubani, ni nukta ndogo tu ya rangi lakini ndiyo inayovuta jicho ndani ya kokpiti nyeusi.

Kioo nakipa alama za juu sana. Ni kiangavu, hakina mikwaruzo, na ile kamba ya mlipuko inayopinda pinda juu ya Hawk (kazi yake ni kukipasua kioo kabla viti havijafyatuka) imechongwa kwa mwinuko mdogo sana, unaweza kuifuata kwa ncha ya brashi ukiwa na mkono uliotulia. Mimi nimeipaka kijivu kilichofifia. Nimekichovya kioo kwenye vanishi ya akriliki inayong'aa nikakiacha kikauke kimefunikwa vumbi lisiingie, kisha nikakigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Tafadhali sana supaglu isikaribie hapo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na kokpiti yote uliyoihangaikia inapotea.

Kingine ambacho karatasi ya maelekezo imekigusa juu juu mno ni uzito wa puani. Hawk ina tairi la mbele na matairi mawili nyuma kidogo ya katikati, sasa plastiki ikiwa tupu ndani mkia unakuwa mzito na ndege inakaa kitako pua juu. Maelekezo yanasema weka uzito, basi, kiasi gani hawasemi, na nafasi ni ndogo maana kokpiti imeingia mbele sana. Tumia chubwi ndogo za kuvulia samaki, zibonyeze zijae mbele ya kokpiti na chini ya sakafu yake, halafu kabla ya gundi funga nusu mbili za bodi kwa tepu, shikiza mabawa na mkia, iegemeze pale matairi ya nyuma yatakapokaa uone inaangukia wapi. Ikisitasita ongeza. Rangi nayo ina uzito wake na nyingi inaishia nyuma, kwa hiyo usiache pua ikae kwa bahati.

Malalamiko yangu sasa. Pale bawa linapokutana na tumbo, mbele na nyuma, kuna pengo ambalo moldi ya leo haikupaswa kuwa nalo. Puti imeziba, msasa umefuata, lakini pale tumboni mistari ya paneli imepita katikati na lazima uichonge upya. Na midomo ya kuvutia hewa ya injini kila mmoja umetoka vipande viwili, mshono unaangukia ndani ambako kidole hakifiki. Nilichofanya ni kupitisha puti ya maji kwa brashi nyembamba, kufuta na pamba yenye maji kabla haijakauka, kurudia mpaka mshono ukapotea. Kwingine kote inakaa vizuri, gundi ya Tamiya ya kifuniko cha kijani unaigusisha tu kwenye mshono inakimbia yenyewe. Angalia mkia wa mlalo, kwenye Hawk unainamia chini, mabawa yanapanda kidogo juu, acha gundi ikauke huku umeuegemeza usije ukanyooka.

Nyekundu ndiyo mtihani wenyewe. Ndege za kivita zimepakwa zisionekane, za mafunzo zimepakwa zionekane, kwa hiyo huna kijivu cha kufichia makosa, mkwaruzo wowote uliobaki kwenye plastiki unatokea. Nyekundu ukiipaka juu ya praima ya kijivu inakufa, inakuwa kama matofali. Weka praima nyeupe au pinki, kisha nyekundu kwa mikono myepesi mingi, kila mmoja ukauke. Mwisho vanishi ya kung'aa kabla ya stika, hii si hiari, stika za maji zikikaa juu ya rangi ya mati (isiyong'aa) zinanasa hewa chini yake na zinametameta vibaya.

Na stika ndizo zilizonikera kuliko yote. Zimechapwa kwa ukali, maandishi madogo yanasomeka, zinatii Micro Set na Micro Sol (dawa za kulainisha na kushikiza stika) bila kukunjamana, lakini ile nyeupe ni nyembamba mno, mstari mweupe wa ubavuni ukikaa juu ya nyekundu unageuka pinki. Kwa seti ambayo sifa yake yote ni nyekundu na nyeupe hilo ni kosa kubwa la kiwandani. Ya kwangu nimeiokoa kwa kupaka nyeupe mwenyewe kwanza, nimezungushia tepu kwa umbo la stika, halafu stika nimeilaza juu yake. Ukiweza, nunua stika za kampuni nyingine kabisa.

Kifurushi cha moshi cha chini ya tumbo, kile kinachobeba dizeli na rangi za moshi, kimetoka vizuri, kigandishe mwishoni ukishamaliza kupaka.

Kama nyekundu inakutisha, angalia boksi lenye Hawk nyeusi ya RAF (jeshi la anga la Uingereza), walianza kuzipaka hivyo miaka ya 1990 ili zionekane vizuri angani. Nyeusi inafunika praima yoyote na nyeupe ya stika ikipungua kidogo haikusumbui hivyo. Mikwaruzo tu ndiyo itakusuta. Finland, Kenya na Indonesia ndio walikuwa wateja wa mwanzo wa nje, kwa hiyo mwenye subira ya kusaka stika ana pa kwenda mbali na Uingereza.

Alama yangu ni 7 kati ya 10. Kokpiti na kioo peke yake nawapa 9, stika zimewashusha. Kwa mtu aliyeshamaliza ndege mbili tatu za rangi ya kijivu na anataka kujifunza kupaka rangi kali, aichukue. Kwa anayeanza kabisa, aanze na ile nyeusi.