Kamera za nyumba Lamu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Shangazi yangu wa Langoni alinunua ile kamera ya balbu, ile unaizungushia tu kwa holda ya taa, akaifunga kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, aone nani anaingia mlangoni. Usiku mmoja tumekaa tunakunywa kahawa ikaanza kugeuka, polepole, krrr, ikatoka mlangoni ikaja mpaka ikatuangalia sisi, na simu ya shangazi iko hapo mkekani, hakuna aliyeigusa. Hakusema neno, aliinuka akaitupia leso. Asubuhi nikaifungua ile apu nikakuta paswedi ni ile ile admin ya kiwandani ilikotengenezwa, na hakuna mahali ilipomlazimisha kubadilisha.

Tangu siku hiyo nimefunga na kufungua kamera nyingi za watu hapa mjini, na ninavyozipanga mimi naangalia kwanza nani mwengine anaweza kuona, picha baadaye, mana picha siku hizi zote ni safi. Nyumba zetu zilijengwa hivo: una daka la mlangoni, una tekani, kile kipito cha ndani baada ya mlango, unakata kona ndio uone kiwanda, ili mpita njia asione watu wa ndani. Sasa kamera moja mbovu inaondoa kazi yote hiyo.

Ya kwanza, na kama una pesa usifikirie mara mbili, ni kamera za waya na rekoda yake, zile wanaita PoE, kebo moja inabeba stima na picha. Video inakaa kwa diski ndani ya nyumba yako, intaneti ikikatika inaendelea kurekodi, na kama hutaki kuangalia ukiwa mbali basi usiiunganishe na intaneti kabisa, hapo mtu wa nje hana njia ya kupitia mtandaoni. Kwa Lamu kuna sababu nyingine: kuta za matumbawe ni nene mno, waifai ukivuka vyumba viwili ushafika mwisho, lakini waya hauna shida hiyo. Mwambie fundi alete kebo ya shaba tupu, zile za alumini iliyopakwa shaba chumvi inazimaliza haraka, na kamera ya nje iwe IP66, yani vumbi na maji ya kurushwa hayaingii. Mji wa Kale uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kabla ya kutoboa ukuta wa mbele pitia kwanza kwa watu wa makumbusho.

Ya pili ni kamera ya waifai ya kampuni inayojulikana, yenye memori kadi, mfano Tapo au Reolink. Bei inashikika na kwa duka dogo inatosha. Hapa usinunue jina tu, uliza vitu. Inarekodi kwa kadi bila kulipia seva yao, yani kompyuta zao za mbali? Ina RTSP au ONVIF, yani kesho ukitaka kuiunganisha na rekoda yako inakubali? Akaunti ina uhakiki wa hatua mbili? Na apdeti zitatoka mpaka mwaka gani? Hilo la mwisho watu hawaliulizi na ndilo kubwa, mana kamera ni kompyuta ndogo, ikigunduliwa tundu na hakuna apdeti tundu linabaki wazi maisha yake yote. Uingereza tangu Aprili 2024 ni sheria, mtengenezaji lazima aseme muda wa apdeti na haruhusiwi kutoa vifaa vyote na paswedi moja rahisi. Sisi hapa inabidi tuulize wenyewe.

Ya tatu, kamera ya sola yenye laini ya simu. Hii naipendekeza kwa shamba au mahali unaegesha mashua, si nyumbani. Inakula bando, na ili uione kwa simu yako picha kwa kawaida inapitia seva za kampuni, kwa hivyo unawaamini wao moja kwa moja. Kuangalia minazi hakuna ubaya.

Ya mwisho ni hizo balbu na vinginevyo visivyo na jina, hata ukipewa kwa elfu mbili iache. Muuzaji atakwambia picha zimefungwa kwa AES, yani njia ya kuzificha kwa siri, na kweli AES ni kufuli nzuri, ni kiwango rasmi tangu 2001. Shida ni ufunguo. Kuna watengenezaji wanaoweka ufunguo mmoja ule ule ndani ya kila kamera wanayotoa, akiutoa mtu kwa kamera moja amezifungua zote. Na paswedi za kiwandani ndizo zilizofanya ile programu ya wahalifu iitwayo Mirai mwaka 2016 ikateka kamera na rauta kwa maelfu, ikajaribu tu orodha ya majina na paswedi sitini na kitu, mwezi wa Oktoba zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na watu Marekani wakakosa kuingia Twitter na Netflix. Wenye kamera wenyewe wengi hata hawakujua.

Wenye nyumba za wageni Shela, nyinyi mna jambo la ziada. Airbnb tangu mwisho wa Aprili 2024 hairuhusu kamera yoyote ndani ya nyumba, hata sebuleni, na ya nje lazima uitaje kwa tangazo lako. Pia sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inakuhusu ukiwa unafanya biashara, mgeni ajulishwe. Na tafadhali isielekee mlango wa jirani, vichochoro vyetu ni vyembamba, ukiinua kamera kidogo tu ushaingia ukumbini kwa watu.

Ukishanunua, siku hiyo hiyo badilisha paswedi ya kamera na ya rauta, zima UPnP kwa rauta mana hiyo inafungua milango ya intaneti kwa kamera bila kukuuliza, na kamera ziweke kwa waifai ya wageni peke yake, mbali na simu unayotumia M-Pesa. Rekoda usiiweke karibu na mlango, mwizi ataondoka nayo. Ya shangazi tumeifungia kabatini ghorofa ya juu na betri yake ya akiba, kamera yenyewe iko tekani inaangalia mlango tu, na leso amerudi kuivaa.