Fundi alonibadilishia paa zima baada ya upepo wa kusi (Malindi)

Kusi ilipopamba moto na mvua zake ikanibebea mabati matano upande wa baharini, huku Muyeye. Fundi wa kwanza alokuja hakuomba hata ngazi, alisimama tu uani akatazama juu, nunua mabati matano na misumari tunamaliza leo leo. Nikamwambia ngoja kwanza, manake hata vyumba ambavyo paa halikung'oka vilikuwa vinavuja.

Wa pili ndo huyu namsifu. Kapanda na bisibisi mkononi, akawa anadunga mbao moja moja, papi (zile mbao bati linapopigiliwa) mpaka kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), na karibu kila penye msumari bisibisi ilizama. Akachomoa msumari kwa vidole jamani, bila nyundo, ukatoka na unga wa mbao. Akaniita nipande nione mwenyewe, "Mama, bati hununuliwa, lakini huu msumari utashika nini hapa?" Afu akainua pale bati linapolaliana na jenzake, juu rangi bado ipo lakini chini kutu imekula mpaka mwanga unapita, chumvi ya bahari hiyo inakaa na unyevu pale katikati miaka na miaka. Na yenyewe yalikuwa geji 32, membamba. Kwa hivo ukipiga mabati mapya juu ya mbao ile, upepo ukiingia chini ya ukingo unayabeba tena pamoja na mbao zake.

Nilimwamini zaidi kwa sababu jirani yangu naye alimwita, na kule paa liling'oka pembeni tu, mbao ngumu, misumari mingine imekaza na mabati hayana kutu chini, akamwambia wewe badilisha hapa pembeni basi, usitupe pesa. Fundi mwenye njaa angemuuzia paa zima.

Kwangu kavua yote. Mbao mpya zimepakwa dawa ya mchwa kabla hazijapanda, kila kenchi imefungwa ukutani kwa ukanda wa chuma (la zamani halikuwa nao kabisa!), mabati geji 28, ile namba ikipungua ndo bati linakuwa nene, dukani wanawachanganya sana watu hapo. Ukingoni misumari kaipiga karibu karibu, kila mmoja na mpira wake, juu ya mgongo wa bati sio bondeni maji yanakopita.

Kilichoniudhi ni usafi. Misumari ya kutu aliiacha mchangani na watoto wanacheza pekupeku, ilibidi nimpigie simu arudi kuokota, akarudi lakini. Na gharama ni kubwa, sifichi, ila alikubali nilipe kwa awamu, mbao kwanza, mabati baadaye, ufundi mwisho. Mvua zimeshapiga tena na ndani hakuna tone. Mkimwita mwambieni mapema kwamba usafi wa uwanja ni juu yake.