Draiva tatu mpya za diski gofu: nimezifuta majina, tuone zinavyoruka

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani kuna diski tatu za diski gofu, ule mchezo wa kurusha diski hadi iingie kikapuni kwa mirusho michache; zote draiva, yaani diski za masafa, zote zimeingia sokoni juzijuzi, na kila moja imetoka kampuni yake. Ya zambarau, ya chungwa, na hii ya kijani. Msihangaike kusogeza uso kwenye skrini mkitafuta muhuri, haupo. Nimeifuta yote kwa asetoni na pamba. Chini ya ukingo bado kuna herufi zilizotoka na kalibu, na hizo hazifutiki, kwa hiyo leo kamera haitaona tumbo la diski hata moja.

Kwa nini nimefanya hivyo? Kwa sababu kila nikichambua draiva, nusu yenu mnauliza inaendaje na nusu nyingine mnagombana kuhusu nani kaitia saini. Bingwa akishawekewa jina lake juu ya plastiki, watu wanaipenda kabla haijatoka mkononi. Leo tuutazame mruko wenyewe. Kuna aliyenishauri nibandike tu utepe juu ya nembo. Hapana. Utepe unaongeza uzito upande mmoja, unavuruga hewa inayopita juu ya diski, na diski iliyobandikwa vitu haikubaliki kwenye mashindano ya PDGA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa diski gofu. Asetoni inaondoa muhuri tu, plastiki inabaki vilevile.

Kwa wageni wa mchezo, nipite haraka hapa. Draiva huja na namba nne: spidi, kuelea, kupinda na kurudi. Spidi si mwendo ambao diski itakupa. Ni mwendo ambao diski inaudai kutoka kwako ili iruke jinsi ilivyoundwa, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Kuelea ni uwezo wa kukaa hewani. Kupinda ni kule kuelekea kulia diski ikiwa bado na kasi, ndiyo maana mara nyingi namba yake ni hasi. Kurudi ni kule kuvutwa kushoto kasi ikiisha. Nazungumzia anayerusha bekihendi, yaani mkono unaanzia upande wa pili wa kifua, kwa mkono wa kulia. Kama unatumia mkono wa kushoto, au unarusha fohendi (mkono unaanzia upande wake wenyewe) kwa wa kulia, geuza kila nitakachosema.

Na mjue kwamba namba hizo kila kampuni inajiandikia yenyewe. PDGA wanakagua umbo: kipenyo kisipungue sentimita 21, uzito usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ukingo usizidi upana wa sentimita 2.6. Ndiyo maana draiva nyingi zinagota kwenye gramu 175, kwa kuwa kipenyo chake ni sentimita 21 na nukta kidogo. Lakini diski ikiandikwa kwamba inapinda -2, hakuna mkaguzi anayekwenda uwanjani kuhakikisha.

Mkono wangu mnaufahamu, ni wa kawaida tu. Diski ya spidi 7 ninayoijua vizuri naifikisha kama mita 90 siku mwili ukikubali. Wanaume wengi wanaocheza kwa kulipwa diski inawatoka mkononi kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Mimi huko sifiki, na wengi mnaotazama hamfiki pia, tusidanganyane. Yale nitakayosema yachukueni kama maneno ya mtu wa kiwango hicho.

Tuanze na ya zambarau, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Imeandikwa 13, 5, -1, 3. Gramu 175. Plastiki yake ni ile ngumu inayopitisha mwanga, inayodumu hata ukiigonga kwenye miti msimu mzima. Ukiitazama kwa ubavu, mgongo wake ni bapa kabisa. Tena nipitishe kidole hapa kwenye ncha ya ukingo: mnauona huu mshono, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana? Uko juu. Mshono ukiwa juu, tegemea diski kaidi, isiyopenda kupinda na inayokimbilia kurudi. Kabla sijairusha nilishakuwa na wasiwasi na hiyo -1.

Ukingo ni mpana mno. Tangu Dave Dunipace wa kampuni ya Innova alipotoa Eagle mwaka 1983, diski ya kwanza yenye ukingo uliochongwa kwa ajili ya mchezo huu, historia ya draiva imekuwa historia ya ukingo kupanuka, na hii imekaribia kabisa mwisho unaoruhusiwa. Nikiishika kwa vidole vinne, kidole cha shahada hakipati pa kukaa. Wenye vidole vifupi, ishikeni kwanza kabla hamjatoa pesa.

Mruko wake kwangu ulikuwa hivi: inatoka vizuri, inanyooka kidogo, halafu kabla hata hujaanza kuifurahia inainamisha bega na kukata kushoto. Haikupinda kulia hata kidogo. Nikiirusha kwa nguvu zaidi, pua inanyanyuka na ndiyo inazidi kufa mapema. Umbali wake haukuipita diski yangu ya kawaida ya spidi 9, na ilitua mbali kushoto ya kikapu.

Ngoja niwaeleze kwa nini, maana si kwamba diski ni mbovu. Diski ikiwa na kasi ya kutosha, inakata hewa ikiwa karibu bapa, na msukumo wa hewa unaoinua diski unakaa nyuma kidogo ya kitovu. Kwa kawaida hali hiyo ingeishusha pua. Lakini diski inazunguka, na kitu kinachozunguka hakiinami upande unaosukumwa. Kinainama upande ulio robo duara mbele. Kwa hiyo badala ya pua kushuka, diski inalala kulia. Kasi ikipungua, diski inaanza kuzama huku pua ikitazama juu, ule msukumo unahamia mbele ya kitovu, na sasa inalala kushoto. Ndiyo kurudi huko. Draiva ya spidi 13 imechongwa ili hatua ya kwanza itokee kwenye mwendo mkubwa sana. Usipoufikia, hatua ya kwanza unairuka na unaanza moja kwa moja na ya pili. Umenunua diski ya masafa, umepata diski ya kukata kushoto.

Wenye nguvu, hii ni yenu. Mwaka 2016 David Wiggins Jr. alirusha mita 338 huko Primm, Nevada, upepo mkali ukimsukuma kutoka nyuma, na diski za ukingo mpana ndizo silaha ya watu wa namna hiyo. Ila kuna mambo mawili niliyoyapenda hata mimi. La kwanza, upepo ulipoanza kuja usoni, ya zambarau ilitulia. Upepo wa mbele huifanya diski ione kama inakwenda kasi zaidi, kwa hiyo ukaidi wake ukageuka kuwa unyoofu. La pili ni fohendi. Mgongo bapa unakaa vizuri chini ya dole gumba, na hata nikitoa mrusho wenye kuyumba, ilijinyoosha yenyewe. Kama una njia inayokata ghafla kulia nyuma ya mti, fohendi ya mkono wa kulia na diski hii watakufikisha.

Ya chungwa sitaikalia sana. 12, 5, -1, 3. Mmeshazisikia namba hizo? Ni zilezile za Destroyer ya Innova. Ni zilezile za Zeus ya kampuni ya Discraft. Soko limejaa diski za namba hizo, na hii nayo inaruka kama ndugu zake: kwa mrushaji mwenye kasi inanyooka ndefu na kumalizia kushoto kwa uhakika, kwa mrushaji kama mimi inamalizia kushoto mapema zaidi. Ilikwenda mbele kidogo kuliko ya zambarau. Plastiki yake ndiyo bora ya zote tatu, ile isiyopitisha mwanga, yenye kuvutavuta kama mpira, na hata mikono ikiwa na jasho haitelezi. Lakini kama tayari unayo moja ya namba hizi kwenye begi, sioni inakuongezea nini. Nimeitafuta sababu, sijaiona. Kampuni ilihitaji kujaza nafasi kwenye orodha yake, ikaijaza. Tuendelee.

Sasa njooni kwa kijani. Sikuitarajia hii. 9, 5, -2, 1. Gramu 167. Ukingo mwembamba kuliko wa wenzake, kidole cha shahada kinalala pale kinapotaka. Itazameni kwa ubavu: mgongo umevimba kidogo katikati. Huo uvimbe unasaidia kuelea. Mshono uko chini. Yaani kila kitu mkononi kinakuambia kwamba hii haitakubishia.

Mwanzo niliirusha bapa, nikitumia nguvu ileile niliyotumia kwa ya zambarau, ikapinda kulia na kuendelea kulia, haikurudi. Nikasema sawa, hii imelegea. Halafu nikaanza kuitoa kwa haiza, yaani ukingo wa nje umeinamishwa chini, kiasi tu, si sana. Hapo ndipo ilipofunguka! Inatoka imeinama, inajiinua taratibu hadi bapa, inaendelea kulia kidogo huku ikielea, halafu mwishoni inakumbuka kurudi, kidogo tu, na kutua bila kukimbia ardhini. Itazameni tena polepole kwenye marudio haya. Mnaona pale inapokaa bapa? Muda wote huo ni mita unazipata bure.

Ya kijani iliipita ya zambarau kwa umbali. Iliipita na ya chungwa pia. Si mara moja kwa bahati. Kila nilipoitoa kwa haiza safi iliwaacha wenzake nyuma, na haikuhitaji kupaa juu sana kufanya hivyo. Spidi 9 imeishinda spidi 13 kwa mkono huuhuu, asubuhi hiihii. Mkono wenye kasi kubwa ungepata matokeo tofauti kabisa, nakubali. Lakini mikono hiyo ni michache, na matangazo ya draiva yanaandikwa kana kwamba sote tunayo.

Ina udhaifu wake. Upepo wa mbele ukija, iweke begini. Niliijaribu kwa ukaidi wangu mwenyewe, ikalala kulia mpaka ikasimama kwa ukingo na kuwa rola, yaani ikabingirika ardhini, ikakimbilia vichakani kulia. Fohendi nayo haiipendi. Kuyumba kidogo tu kunaivuruga. Na plastiki niliyonayo ni laini. Diski laini ikipigwa miti, ukingo unaingia vijibonde, na ukingo wenye vijibonde hupinda zaidi ya mwanzo. Leo ni -2, baada ya miezi ya kuchezewa itakuwa zaidi ya hapo. Kwa baadhi yetu hiyo ni faida, maana ile diski iliyochakaa vizuri ndiyo hatumkopeshi mtu. Ila jua unachonunua.

Jambo moja kuhusu toleo la kwanza. Diski za kalibu moja, plastiki moja, rangi tofauti, zinaweza kutoka na migongo tofauti, kwa sababu plastiki hupoa na kusinyaa kwa namna tofauti. Nilishika za kijani kadhaa kabla ya kuchagua hii. Moja ilikuwa bapa kabisa, na sidhani ingeruka kama hii hata kwa namba zilezile. Kwa hiyo ukiweza, nenda ukaishike. Iweke usawa wa jicho, tazama mgongo, pitisha kidole kwenye mshono. Ukiagiza mtandaoni, muulize muuzaji akupigie picha ya ubavu. Wauzaji wanaojua kazi yao wamezoea ombi hilo.

Mtaniuliza ninabaki na ipi. Ya kijani imeshaingia begini. Ya zambarau nitaiweka kwa siku za upepo na fohendi, japo kwa kazi hiyo nina nyingine iliyochakaa ninayoiamini zaidi. Ya chungwa nitampa rafiki yangu mmoja mwenye mkono wa kasi aniambie kama kuna kitu kimenipita.

Na uzito, maana hili mnaliuliza kila mara. Ya kijani, kama unacheza sehemu zenye upepo, chukua gramu 170 na kuendelea. Kama ndiyo kwanza unajenga mkono, shuka hadi 160 au hata 155, itaruka mapema na kwa urahisi zaidi. Ya zambarau usiichukue nyepesi ukidhani utaidanganya. Ukingo mpana bado utadai mwendo uleule, na upepo utaichezea.