Makabati ya jikoni ya kufunga mwenyewe: ubao upi ununue, upi uuache dukani

Dukani kila mtu hukagua milango. Anapapasa rangi, anafungua na kufunga, anasifia vishikio. Kabati la jikoni kwa kawaida haliharibikii mlangoni. Huanza kuoza chini, pale bomba la sinki linapovuja polepole bila mtu kujua, na pale maji ya kudeki yanapolowesha ukingo wa ubao kila asubuhi. Kwa hiyo nimezipanga bidhaa hizi kwa kuangalia sanduku lenyewe, yaani mwili wa kabati bila milango: likilowa, litakuwaje? Halafu nikaangalia kama mtu mwenye drili, pimamaji na wikiendi yake anaweza kulifunga bila karakana ya seremala.

Nawafikiria zaidi watu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi. Wa Arusha na Nairobi mna nafuu upande wa kutu, lakini ndoo ya kudeki ni ile ile.

Nafasi ya kwanza: plaiwudi ya milimita 18. Hii ni tabaka nyembamba za mti zilizogundishwa kwa kupishanisha nyuzi zake. Inashika skrubu vizuri, na ikilowa mara moja moja hukauka ikarudi ilivyokuwa. Shida ni jina. Siku hizi karibu kila plaiwudi nzito inauzwa kama "marini", yaani ya kutumika majini. Zile zenye ngozi nyeusi au ya kahawia zinazong'aa zimetengenezwa hasa kwa ajili ya kumwagia zege. Si mbaya kwa kabati, ila ukikata, ukingo unabaki wazi na lazima uzibwe. Marini ya kweli, kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, inatakiwa iwe na gundi isiyoachia kwa maji na tabaka za ndani zisizo na mapengo.

Usibishane na muuzaji, omba kipande kilichobaki. Kitazame ubavuni: ukiona matundu katikati ya tabaka, skrubu yako siku moja itaingia humo na kushika hewa. Kisha nenda nacho nyumbani ukakichemshe kwenye sufuria kuukuu kwa saa kadhaa. Tabaka zikifunguka kwa kucha, umeokoa hela yako. Plaiwudi inayotoka viwanda vya Mafinga, karibu na shamba la miti la Sao Hill, nayo ipimwe vivyo hivyo. Hata ikishindwa mtihani wa sufuria, bado inaweza kufaa kwa makabati ya juu, ambako maji hayafiki.

Milango yake usiinunulie plaiwudi. MDF, ubao wa nyuzi laini za mti zilizogandamizwa kwa gundi, ikipakwa rangi vizuri inatosha, kwa sababu mlango haukai kwenye maji. Punguza gharama hapo.

Ya pili: alumini. Haivimbi, mchwa hawaitaki, na ni nyepesi kiasi kwamba watu wawili wanapandisha kabati la juu bila kuhema. Fundi wa madirisha anakukatia fremu kwa vipimo vyako, wewe unabaki na kazi ya kufunga tu. Wengine wanaiona kama kaunta ya duka la dawa, na sura hiyo ndiyo iliyoinyima nafasi ya kwanza. Kwa nyumba ya kupanga ningeichagua bila kufikiri sana, maana unaifungua na kuhama nayo.

Ya tatu: MDF yenye melamini, ile ngozi ngumu ya plastiki juu yake. Ni nyoofu, na duka kubwa la mbao linakukatia kwa mashine na kukubandikia utepe wa kingo. Hilo kwa anayefunga mwenyewe ni nusu ya kazi. Ipo ya kijani inayouzwa kama ya kustahimili unyevu. Kijani ni rangi ya kutambulishia tu, na kustahimili unyevu si kustahimili maji. Isikae chini ya sinki.

Ya nne: mninga au mtiki. Najua wapo watakaokasirika. Mninga ukikauka vizuri haupindi ovyo, na utawazika wajukuu. Lakini ni mzito, unahitaji randa na viungo vya seremala, na mbao mbichi itakufungukia jikoni. Ukiupenda, agiza milango tu kwa seremala, uivike kwenye masanduku ya plaiwudi.

Ya mwisho: chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, iliyofungashwa tayari kwenye boksi. Maji yakiingia ukingoni inavimba, na haisinyai tena. Skrubu ukiifungua na kuirudisha mara mbili, tundu limekwisha. Iache.

Makabati ya zege na vigae sikuyapanga, hiyo ni kazi ya mwashi. Kama tayari unayo, nunua fremu na milango tu.

Sasa hesabu. Ubao wa futi nane kwa nne unatoa vipande sita vya sentimita 58 kwa 72, yaani mbavu za makabati matatu ya chini. Rafu ya milimita 18 isizidi sentimita 80 bila nguzo katikati, la sivyo sahani zitaipinda. Kina cha makabati ya chini, pamoja na meza ya juu, ni kama sentimita 60. Cha makabati ya ukutani 30 hadi 35.

Pesa iliyookolewa kwenye milango iende kwenye vitu vidogo. Nunua miguu ya plastiki ya kurekebisha, inyanyue sanduku sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni. Bawaba ziwe za kikombe cha milimita 35, kinachozama kwenye tundu la duara mlangoni, zenye skrubu za kurekebishia, maana kuta zetu hazijanyooka na bawaba hizo zitakusamehe. Pwani, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za ukutani ziwe ndefu, zipite lipu na kushika tofali lenyewe. Kingo zote ulizokata mwenyewe zipakwe vanishi kabla ya kufunga, hasa za chini, ambazo hutaziona tena.

Funga ya juu kwanza, wakati pako wazi kusimama. Ya chini anzia pale sakafu ilipo juu zaidi, pimamaji itakuonyesha. Na kama mtungi wa gesi utakaa ndani, upime kabla ya kukata ubao, kisha toboa matundu chini ya kabati hilo, si juu tu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini.